ZINGA: MGENI NA AINGIE KWA MLANGO

Barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi, imeota zao jipya. Si korosho, wala si nazi. Ni nguzo fupi za saruji ambazo wapimaji huziita bikoni. Zimesimama kati ya mikorosho, chini ya minazi, na pengine katikati ya shamba la muhogo ambao haujang'olewa bado. Kila nguzo ni mpaka wa kiwanja, na kwa kila kiwanja yuko aliyeuza na yuko aliyenunua. Bunju ilipojaa, watu walisogea Mapinga. Mapinga ilipopanda bei, walisogea Kerege. Na leo wako Zinga.

Aliyeuza, mara nyingi, ni mwenyeji: Mkwere, Mzaramo, Mdoe, au mtu wa pwani ambaye babu zake wamezikwa papo hapo. Aliyenunua, mara nyingi, ametoka mkoa mwingine: Kilimanjaro, Mbeya, Kagera, Mwanza, au amehama Dar es Salaam baada ya kupanga chumba miaka ishirini. Wote wawili ni raia wa nchi moja. Wote wawili ni watu wa jasho. Lakini jioni, barazani, kila mmoja ana neno lake juu ya mwenziwe, na maneno hayo si matamu sikuzote. Yatupasa tuyasikilize kabla hayajawa magomvi.

Hesabu zenyewe zaeleza ukubwa wa jambo hili. Katika sensa ya mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668. Katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 2,024,947. Kwa miaka kumi tu watu wamekaribia kuongezeka maradufu, na hakuna mkunga awezaye kudai kwamba wote hao wamezaliwa mikononi mwake. Wengi wamekuja. Mji wa Dar es Salaam, wenye watu 5,383,728 kwa sensa hiyo ya pili, unafurika kama chungu kilichojaa, na kinachofurika humwagikia jirani.

Wala hakuna awezaye kuwazuia, na haifai wazuiwe. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 17, yampa kila raia haki ya kwenda popote katika Jamhuri na kuishi katika sehemu yoyote. Mtu wa Moshi hahitaji ruhusa ya mtu wa Zinga ili awe Mtanzania mjini Zinga, kama vile mvuvi wa Zinga asivyohitaji ruhusa ya mtu yeyote kwenda kutafuta riziki Mwanza. Hilo limekwisha. Lililobaki ni namna ya kuingia.

PWANI NA WAGENI WAKE WA KALE

Asemaye kwamba watu wa pwani hawapendi wageni haijui pwani. Kabla ya Bagamoyo palikuwa na Kaole, mji ambao magofu ya misikiti yake na makaburi yake ya nguzo yanaonekana mpaka leo. Mapokeo ya wazee yasema kwamba Washomvi walitoka Barawa, katika nchi ambayo leo ni Somalia, wakashuka pwani hii kuvua na kuchemsha chumvi. Walipopatwa na vita vya Wakamba, waliomba msaada kwa Wazaramo wa bara, ambao kiongozi wao aliitwa Pazi. Vita vilipokwisha, walikubaliana kwamba Washomvi watatoa ada iliyojulikana kwa jina la kanda la pwani. Tazameni hapo, ndugu wasomaji. Mgeni alikaa, akavua, akafanya biashara, akajenga. Lakini alijua ni nani aliyemtangulia katika ardhi ile, na jambo hilo lilikuwa na mapatano yake yaliyojulikana na pande zote mbili.

Baadaye wakaja Wanyamwezi kwa maelfu, wapagazi wa misafara, wakibeba pembe kutoka Tabora na Ujiji. Mwaka 1868 wakaja mapadri wa Roho Mtakatifu, wakaanzisha misheni Bagamoyo na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, ambao kila mmoja alikuwa ametoka kabila lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 FRELIMO ilikuwa na shule yake ya sekondari Bagamoyo, na vijana wa Msumbiji walisoma hapo huku nchi yao ikipigania uhuru. Katika damu ya pwani mna Manyema, Nyamwezi, Yao, Hadhramaut na Barawa. Hata Kiswahili chenyewe, tunachojivunia, kimekuzwa na kupokeana huku.

Basi mwenyeji wa Zinga akimtazama mgeni kwa jicho la kando, tusiharakishe kusema kwamba ana roho mbaya. Tuulize kwanza ni kitu gani kimebadilika.

KINACHOUMA

Kimebadilika hiki: mgeni wa zamani alikuja kukaa na watu, na mgeni wa leo aweza kununua mahali bila ya kuwaona watu. Humpata dalali mjini, huonyeshwa shamba siku ya Jumapili, hulipa, hutiliana saini, hurudi mjini. Mwenyeji mwenye ukoo mzima katika shamba lile huja kupata habari siku trekta linapokata mikorosho.

Mzee mmoja kati ya ndugu watano huuza shamba walilorithi wote, kwa sababu ana mgonjwa, au ana harusi, au ana njaa. Auzapo, huuza kwa ekari. Anunuaye hukata ekari ile vipande vipande na kuuza kwa kiwanja, na bei ya viwanja viwili vitatu hurudisha fedha yake yote. Baada ya mwaka mmoja mzee hupita hapo akihesabu. Fedha yake ilikwisha zamani, na wanawe sasa huomba kibarua cha kuchimba msingi katika shamba la babu yao. Mtu huyo akinung'unika, tutamwita mkabila? Ana kidonda, wala hakusoma popote habari ya kuwabagua watu.

Kuna na jambo la minazi. Katika desturi ya pwani, mwenye mnazi si lazima awe mwenye ardhi. Mtu aweza kupanda katika ardhi ya mwingine kwa ruhusa, na miti ikawa mali yake na ya watoto wake, na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Mgeni aliyekulia bara hajui desturi hiyo. Kwake yeye anunuaye ardhi amenunua na kilichosimama juu yake. Hapo huzuka kesi tatu kwa mara moja: ya mwenye ardhi, ya mwenye miti, na ya mwenye fedha, na kila mmoja katika hao aweza kuwa msema kweli.

Kisha kuna ukuta. Nyumba za pwani zina baraza, na baraza ni mahali ambapo mpita njia hujulikana ni nani na ametoka kwa nani. Mgeni huanza kwa kujenga ukuta kabla ya nyumba. Hatumlaumu, maana ameishi mjini na amezoea wezi. Lakini ukuta ukikata njia iliyokuwa ikiteremka ufukweni, mvuvi aliyekuwa akibeba nyavu zake kwa dakika tano sasa azunguka nusu saa. Akina mama wa Mlingotini wanaolima mwani huingia majini wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, na bahari haimsubiri mtu aliyezungushwa na ukuta. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kujenga na kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, isipokuwa kwa idhini. Sheria hiyo si adui wa mwenye nyumba. Ni njia ya mvuvi.

Mwisho, kuna maneno. Mgeni apita saa nne asubuhi, amwona kijana amelala barazani, asema: watu wa pwani ni wavivu. Hajui kwamba kijana huyo alitweka tanga usiku wa manane na kurudi alfajiri na samaki ambao yeye mgeni atawala mchana. Naye mwenyeji amwona mgeni akipita bila ya kuamkia, asema: watu wa bara hawana adabu. Hajui kwamba huko atokako mtu huyo, aendaye kazini hapaswi kusimamishwa njiani. Kila mmoja ampima mwenziwe kwa kipimo cha kwao, na wote wawili hupunja.

MGENI NAYE ANA KILIO CHAKE

Tusiwe wasikilizaji wa upande mmoja. Mgeni wengi wanayemwona kuwa tajiri ni mwalimu aliyestaafu, au karani, au dereva, au fundi, aliyetoa kiinua mgongo chake chote ili kupata mahali pa kuweka kichwa. Anakuja na karatasi yake mkononi, akuta watu wengine wawili wana karatasi kama yake kwa kiwanja kile kile. Aliyemwuzia ni mwenyeji. Aliyeshuhudia ni mwenyeji. Mgeni huyo hana ndugu hapo wa kumtetea, wala fedha ya kuanza upya. Mtu auzaye shamba moja mara tatu hatetei ardhi ya mababu; yu mwizi, na ukoo wake usimfiche kwa jina la wenyeji.

Tena mgeni hakuja mikono mitupu. Mafundi wa hapo wamepata kazi. Mama mwenye kuuza vitumbua na samaki wa kukaanga amepata wanunuzi. Madarasa yamepata wazazi wanaouliza kwa nini mwalimu wa hesabu hayuko. Tulivyofundishwa sote, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo ina mwenzake: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni akikataa jembe, yaani akikataa kazi ya pamoja, mchango wa shule, mazishi ya jirani na mkutano wa kijiji, basi amejifanya mgeni wa daima kwa hiari yake mwenyewe.

MWENYEJI ANAPOGEUKA MGENI

Jambo moja laifanya Zinga isiwe sawa na vijiji vingine vinavyouza viwanja. Mwezi wa Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipoitembelea nchi yetu, ulitiwa saini mkataba wa kuanzisha mradi wa bandari kubwa ya Bagamoyo, katika pwani ya Mbegani, jirani kabisa na Zinga. Baadaye Oman nayo ikajiunga. Wananchi wa Pande na Mlingotini wakathaminiwa nyumba zao, mashamba yao na miti yao. Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Serikali ya Rais John Magufuli ikausimamisha mradi kwa sababu masharti ya wawekezaji hayakukubalika. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo ya kuufufua yameanza.

Hatuhukumu hapa kama bandari ni njema au si njema. Twauliza juu ya mtu mmoja: mkulima ambaye shamba lake limewekwa alama. Apande mnazi? Mnazi wa asili huchukua miaka sita au saba kabla ya kuzaa, naye hajui kama mwakani atakuwa hapo. Atengeneze paa la nyumba? Amekwisha kuthaminiwa. Wapo waliolipwa wakaondoka, na wapo walioendelea kulalamika kwamba malipo hayakutosha kununua mahali pengine, kwa kuwa bei za ardhi zilikuwa zimepanda wakati wakingoja. Na waliokwenda, walikwenda wapi? Walikwenda kwa watu wengine. Mwenyeji wa Pande amefika kijiji cha mbele na furushi lake, naye sasa ndiye mgeni, ndiye atazamwaye kwa jicho la kando.

Jambo kama hilo lilionekana kwa ukubwa zaidi Handeni. Kuanzia Juni 2022 Serikali iliwahamisha watu wa Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, na kuwapeleka Msomera, Mkoa wa Tanga, ikawajengea nyumba na kuwapa mashamba. Serikali ilisema waliohama walikwenda kwa hiari. Watetezi wao wakapinga. Lakini hata baadhi ya watu waliokuwa wakiishi Msomera kabla ya hapo walilalamika kwamba ardhi iliyogawiwa ilikuwa ardhi yao. Hapo mgeni hakuwa na kosa, wala mwenyeji hakuwa na kosa. Waligombanishwa na jambo ambalo halikumalizwa kabla lori halijapakia vyombo.

Wenzetu Waislamu wazijua habari za Muhajirina waliotoka Makka na Ansari waliowapokea Madina. Nasi tuliosoma shule za misheni twamkumbuka Ibrahimu na Lutu, jinsi walivyogawana nchi kwa amani wachungaji wao walipogombea malisho. Katika mabonde ya Ruvu na Wami, ambako wafugaji waliohama mikoa mingine hukutana na wakulima, habari hiyo si ya vitabuni. Kila kitabu chakubali kwamba watu huhama. Kila kitabu chataka pawe na mapatano kabla ya ng'ombe kuingia shambani.

TUFANYE NINI

Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa. Alionya kwamba ardhi ikifanywa bidhaa ya kuuzwa kama shati, wachache wenye fedha wataimiliki na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umilikaji wa moja kwa moja uliondolewa kwa sheria. Hata leo, kwa Sheria za Ardhi za mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Na pale penye ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ndiyo isimamiayo kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu ndio wenye kauli. Sheria tunazo. Kinachokosekana ni watu kupita mlangoni.

Kwanza, wewe mgeni. Usinunue kwa dalali peke yake. Nenda ofisi ya kijiji au ya mtaa, uliza majirani wa pande zote nne, uliza ukoo, uliza miti ni ya nani. Ukikaa, jitambulishe. Njia ya ufukweni iache wazi. Mtoto wako na asome na watoto wa hapo. Ukipata uongozi, upate kwa kuwa watu wamekujua, si kwa kuwa una gari.

Pili, wewe mwenyeji. Usiuze shamba kwa siri ya ndugu zako, wala usiuze lote. Ukiwa na shida ya fedha, yako mambo ya kukodisha, na iko hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo yaweza kukulinda wewe na wanao ikiwa mtaitafuta mapema. Jirani aliyelipa fedha ya halali usimwite mvamizi. Aliyevamia mpeleke katika baraza la ardhi. Na kijana wa Zinga ajue kwamba ardhi haimlindi mtu asiyeifanyia kazi.

Tatu, wenye madaraka. Sheria yataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, na kanuni za mwaka 2001 zaagiza riba ilipwe ikipita miezi sita bila ya malipo. Maneno hayo yakitimizwa, nusu ya chuki kati ya mwenyeji na mgeni itakufa yenyewe, maana mwenyeji aliyelipwa vema hana sababu ya kumchukia anayefuata. Mradi ukikawia, wananchi waambiwe wazi, shamba lipi bado lao na lipi si lao tena, ili mtu ajue kama apande muhogo au apande mnazi. Na kiongozi wa kijiji agongaye muhuri juu ya kiwanja kimoja mara mbili aondolewe, awe mwenyeji au mgeni.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Mara nyingi wenyeji huja wachache, na wageni hawaji kabisa, kisha wote hulalamika kwamba mambo yameamuliwa bila wao. Twawaomba watu wa Zinga, waliozaliwa hapo na waliohamia hapo, wakae pamoja katika mkutano ujao na waulize mambo matatu: ni ardhi kiasi gani imebaki mikononi mwa kijiji, ni njia zipi za kwenda ufukweni zimefungwa, na ni nani bado hajalipwa fidia yake. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na mkutano unaofuata uanze kwa kuyasoma.